Bolti ya Ekzosi Imekatikia Ndani: Itoe kwa Subira, Siyo kwa Nguvu

Leo tunapumzika kidogo habari za kantangaze na ukungu wa nyanya, tunaingia chini ya gari. Najua utashangaa, bwana shamba na ekzosi wapi na wapi? Ila ukishakuwa mkulima wa biashara, gari ni sehemu ya shamba kama ilivyo pampu na bomba la kupulizia. Nyanya ikishaiva haisubiri. Gari likilala, hela inaozea kwenye tenga.

Kwenye kata ninayohudumia, huku nyanda za juu mkoani Iringa, vijana wengi wameacha kukodi na wamenunua kirikuu zao za mkononi. Ni gari nzuri kwa mkulima anayeanza: linapita njia za mashambani, halili mafuta mengi, na spea zipo. Tatizo ni kwamba nyingi zimezeeka, na bolti za ekzosi ni kati ya vitu vya kwanza kushika kutu. Siku ukitaka kubadilisha gasketi au kuondoa bomba lililotoboka, bolti inakatika, nusu inabaki ndani ya injini. Hapo ndipo kazi ya saa moja inapogeuka kazi ya siku tatu.

Juni iliyopita ilimtokea kijana mmoja wa hapa kwetu, katikati ya mavuno. Bolti mbili zilikatika. Nilikaa na fundi siku mbili nzima akizitoa, daftari mkononi. Haya ninayokuandikia nimeyaona kwa macho, na mengine nimeyapata kwa mafundi wengine ninaofanya nao kazi kwenye matrekta na pampu. Kanuni ni zilezile, iwe kirikuu, pikapu, pawatila au injini ya pampu ya maji.

Kwa nini usipuuze ekzosi inayovuja

Dalili ya kwanza ni sauti. Asubuhi injini ikiwa baridi utasikia tik-tik-tik ya haraka, inayoongezeka ukikanyaga mafuta. Injini ikipata moto sauti inapungua, kwa sababu chuma kimetanuka na kuziba ufa kidogo. Watu wengi wanadhani ni valvu, wanaendelea na safari.

Yule kijana aliendelea hivyo kwa wiki kadhaa. Kirikuu nyingi injini yake iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo moshi ukivuja kwenye maungio hauendi nyuma, unapanda kwenye kabini. Na mwezi wa sita na wa saba huku kwetu ni baridi, watu wanapandisha vioo. Dada yake, ambaye ndiye aliyekuwa akienda naye sokoni alfajiri, alianza kulalamika kichwa na kichefuchefu. Wakapima malaria, hakuna. Akipumzika nyumbani anapona, akipanda gari kinarudi.

Moshi wa injini ya petroli una gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na hushikana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikana. Ukiivuta, damu inaacha kubeba hewa unayohitaji. Inaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Ikizidi, mtu anapoteza fahamu na kufa. Kwa hiyo kama unasikia harufu ya moshi ndani ya kabini, au watu wanaumwa kichwa kila wakipanda gari lako, simamisha gari, toka nje kwenye hewa, na mtu aliyezidiwa apelekwe hospitali. Gari lisitembee tena mpaka lirekebishwe. Kufungua vioo siyo matengenezo.

Jambo la pili ni moto. Moshi unaotoka kwenye ufa ni wa moto sana. Unaunguza waya na mipira, na kwa sisi tunaobeba majani makavu, pumba na magunia, unaweza kuwasha gari zima. Nenda kachungulie chini ya gari lako leo, uone majani mangapi yamejikusanya kuzunguka ekzosi.

Kutu inaingiaje mpaka inagoma

Bolti ya ekzosi inaishi maisha magumu. Inachomwa, inapoa, inachomwa tena, kila siku. Joto linaunguza mafuta na rangi yoyote iliyokuwa inaikinga. Kisha unapita kwenye tope na maji, chuma kinapata unyevu kikiwa uchi. Kutu inapoota kati ya nyuzi za bolti na tundu lake, inachukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa. Maana yake bolti inajibana yenyewe huku mwili wake ukizidi kuwa mwembamba. Imebana zaidi, na wakati huohuo imekuwa dhaifu zaidi. Ndiyo maana ukitumia nguvu haifunguki, inakatika.

Magari ya wakulima yanaoza haraka kuliko ya watu wengine kwa sababu ya mizigo yetu. Mbolea nyingi za viwandani ni chumvi, na zinavuta unyevu kutoka hewani. Mfuko wa CAN ukipasuka, punje zinaingia kwenye mianya ya bodi, zinayeyuka na kudondokea chini. Samadi mbichi nayo ina amonia na chumvi zake. Ukibeba vitu hivyo msimu mzima bila kuosha chini ya gari, ni kama unapulizia kutu.

Kabla hujagusa spana

Kwanza, gari likae mahali tambarare, matairi yazuiwe kwa mawe au vigingi, na likiinuliwa likalishwe kwenye stendi imara. Usilale chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Nasema tena, jeki ni ya kuinulia, siyo ya kushikilia.

Pili, injini ipoe kabisa kabla ya kupulizia mafuta ya kulegeza kutu. Mengi yanawaka. Ukipuliza kwenye ekzosi ya moto, umejiwashia mwenyewe.

Tatu, toa waya hasi wa betri, weka ndoo ya mchanga na kizimamoto karibu, vaa miwani na glavu. Kutu inaanguka usoni na ukiwa umelala chini hauna pa kukwepa.

Vifaa vya kuanzia ni brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, nyundo, boksi spana ya pembe sita yenye saizi kamili, plaizi inayojifunga na tupa. Achana na spana ya pembe kumi na mbili kwenye bolti iliyoliwa na kutu. Itateleza na kuviringisha kichwa. Kama kichwa kimepungua, tafuta boksi ndogo kidogo uipige kwa nyundo mpaka iingie kwa kubana.

Kama bolti bado haijakatika

Hapa ndipo pa kuokoa pesa. Mtu akifika hatua hii akatulia, mara nyingi hatafika zile ngumu zinazofuata.

Sugua kutu yote inayoonekana kwa brashi, hasa nyuzi zilizotokeza nje. Lowesha kwa mafuta ya kulegeza kutu, jioni, kisha lowesha tena asubuhi. Mafuta hayapenyi kwa dakika tano. Yanahitaji usiku kucha, na ukiweza, siku mbili. Kila unapolowesha, gonga kichwa cha bolti kwa nyundo, mapigo madogo ya wima, kama kumi hivi. Mtikisiko unapasua kutu na kufungua njia ya mafuta.

Ukianza kufungua, usianze kwa kulegeza. Kaza kidogo sana kwanza, kama mtu anayeijaribu tu, halafu legeza. Ikisogea robo mzunguko, rudisha, weka mafuta, sogeza tena. Nenda mbele na nyuma. Kutu iliyosagika inatakiwa itoke, ukiilazimisha moja kwa moja inajikusanya mbele na kubana upya.

Sikiliza na uhisi mkono. Bolti inayofunguka vizuri inalia, krak, kisha inasogea. Bolti inayotaka kukatika hailii. Inazunguka laini, kama unapinda mpira. Ukihisi hivyo, simama hapohapo. Chuma kimeanza kujinyonga. Rudi kwenye mafuta, au nenda kwenye moto.

Yule kijana hakupitia haya. Alichomeka kipande cha bomba kwenye spana ili apate mkono mrefu, akavuta kwa uzito wa mwili, bolti baridi na kavu. Ya kwanza ikakatika. Akahamia ya pili, kwa nguvu ileile.

Na kama ni nati iliyoshikana na studi, yaani ile bolti isiyo na kichwa inayobaki kwenye injini, kumbuka nati ni kitu cha bei ndogo. Ikate kwa grinda upande mmoja, au ipasue kwa tindo, uiache studi ikiwa nzima. Afadhali uharibu nati kumi kuliko ukate studi moja.

Moto na nta ya nyuki

Moto ndiyo dawa kubwa ya kutu, lakini lazima ujue unachoma nini. Bolti ni ya chuma, ila hedi za injini nyingi ndogo ni za aluminiamu. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile. Ukipasha hedi kuzunguka tundu, tundu linatanuka kuliko bolti, na mbano unapungua.

Hatari yake ni hii: chuma kikipata moto kinakuwa chekundu na unakiona. Aluminiamu haikupi ishara hiyo. Inayeyuka kwenye digrii 660 ikiwa bado na rangi yake ileile. Kwa hiyo moto wa gesi usisimame sehemu moja, uzungushe, na uhakikishe tone la maji likidondoka pale linachemka na kuruka. Hapo joto limeshapita digrii 100 na panatosha kuanza kujaribu. Kabla ya kuwasha chochote, angalia bomba la petroli limepita wapi, na toa majani yote.

Fundi wetu alikuwa na kipande cha nta ya nyuki. Akishapasha bolti, akiondoa moto, anaigusisha nta kwenye nyuzi. Nta inayeyuka na kunyonywa ndani kwenye upenyo ambao mafuta ya kopo yalishindwa kufika. Nyinyi wenye mizinga, nta hiyo mnayo bure.

Imekatika, lakini kipande kimetokeza

Bolti zilipofika kwa fundi, ya kwanza ilikuwa imekatika ikaacha kipande nje, ya pili ilikatika sawasawa na uso wa hedi.

Nilikuwepo gari lilipofika likivutwa na pikapu ya jirani.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Umeitoa kwa spana au kwa hasira?"

Kijana akacheka kwa aibu. Fundi akachungulia chini, akanyamaza kidogo, akasema, "Bwana shamba, mwambie asikae hapa kunihesabia dakika. Akatafute gari la kubebea nyanya zake kwa siku mbili. Fundi akiharakishwa, hedi inalipa."

Jambo la kwanza alilofanya ni kutoa manifoldi nzima, taratibu, kwa zile bolti zilizobaki salama. Watu wengi wanahangaika na kipande kidogo bila kujua kwamba manifoldi ikitoka, unene wake wote unakuachia kipande kirefu zaidi cha kushika. Kilichoonekana milimita tano kikawa zaidi ya sentimita moja.

Kama nyuzi za nje zimebaki nzima, fungia nati mbili, uzikaze moja dhidi ya nyingine mpaka zijifunge, kisha weka spana kwenye nati ya ndani na ulegeze. Kama nyuzi zimeliwa, chonga pande mbili kwa tupa zipate ubapa, ushike kwa plaizi inayojifunga. Ibane kweli. Plaizi ikiteleza mara mbili, acha, kwa sababu kila ikiteleza inakula chuma na kukiacha cha mviringo.

Yetu iliteleza. Fundi akaenda kwenye kuchomelea.

Kuchomelea nati juu ya kipande

Hii ndiyo njia mafundi wengi wazoefu wanaiamini kuliko zote, kwa sababu inafanya kazi mbili kwa pamoja: inakupa kichwa kipya cha kushika, na inaingiza joto kali katikati ya bolti yenyewe. Bolti inatanuka, inaponda kutu, ikipoa inasinyaa na kuacha nafasi.

Alifanya hivi. Alitoa waya zote mbili za betri. Waya wa ardhi wa mashine alioubana kwenye injini, karibu na bolti, umeme usipite kwenye beringi na vifaa vingine. Matundu ya moshi aliyaziba kwa kipande cha bati. Alichukua nati iliyo kubwa kidogo kuliko bolti, akaisugua ile rangi ya fedha iliyopakwa juu, kwa sababu ni zinki, na moshi wake ukichomwa unaumiza mapafu. Akaiweka juu ya kipande, akaanza kujaza chuma kutoka katikati kwenda nje mpaka nati na bolti zikawa kitu kimoja.

Halafu akaacha. Mimi nilitegemea achukue spana mara moja. Akasubiri wekundu uishe wote, akagusisha nta, akasubiri tena kidogo. Ndipo akaweka spana, akasogeza mbele nywele moja, nyuma nywele moja. Ikalia, krak. Dakika kumi baadaye bolti ilikuwa mkononi mwake.

Nati iking'oka usikate tamaa. Chomelea nyingine. Inaweza kuchukua mara tatu au nne, na kila mara joto linazidi kulegeza kutu.

Tahadhari moja kubwa: usisafishe sehemu ya kuchomelea kwa dawa ya kopo ya kusafishia breki. Baadhi yake zina klorini, na zikikutana na moto wa kuchomelea hutoa gesi ya sumu kali. Tumia brashi na kitambaa kikavu.

Imekatikia usawa wa hedi au ndani zaidi

Bolti ya pili ilikuwa haina hata milimita ya kushika. Fundi alijaribu kwanza kuweka wosha juu ya tundu, akachomelea kupitia katikati yake, kisha akapandisha nati juu ya wosha. Chuma kinachochomelewa hakishiki kwa urahisi kwenye aluminiamu, hivyo njia hii inawezekana kwa mkono uliotulia. Alijaribu mara tatu. Ya tatu kipande kikapasuka juu, kikabaki ndani zaidi. Siku ya kwanza ikaishia hapo.

Siku ya pili ikawa ya drili. Hii ni kazi ya mwisho, na ndiyo inayoua hedi nyingi, kwa hiyo soma polepole.

Sawazisha uso wa kipande kwanza. Piga alama kwa panchi katikati kabisa. Siyo karibu na katikati. Biti ya drili hupenda kukimbilia kwenye chuma laini, na aluminiamu ni laini kuliko bolti, hivyo ukianza pembeni kidogo utamalizia kwenye hedi. Fundi alirudisha manifoldi mahali pake, akaingiza kipande cha bomba jembamba kwenye tundu lake ili kiongoze biti katikati. Ujanja huo peke yake uliokoa kazi.

Anza na biti ya milimita 3, mwendo wa taratibu, mafuta kila mara. Funga utepe kwenye biti kuonyesha kina cha kuishia, kwa sababu nyuma ya baadhi ya matundu kuna njia ya maji ya kupoozea injini. Panda milimita 5, kisha zaidi. Ukiweza kupata biti za mkono wa kushoto, zinazokata zikizunguka kinyumenyume, tumia hizo. Mara nyingine biti inang'ata na kukitoa kipande chenyewe.

Kwa bolti ya M8 yenye nafasi ya nyuzi ya milimita 1.25, ambayo ni ya kawaida kwenye magari mengi madogo ya Kijapani, usipite biti ya milimita 6.8. Ukifika hapo, kama upo katikati, kinabaki ganda jembamba la bolti kwenye nyuzi. Likung'ute kwa panchi ndogo, kisha pitisha tapi ya saizi hiyohiyo kusafisha nyuzi. Tapi nayo inakwenda nusu mzunguko mbele, robo nyuma, na mafuta.

Na ile ekstrakta, chuma chenye meno ya kinyume unachokipigilia kwenye tundu na kuzungusha? Kwenye bolti iliyoshikwa na kutu sikushauri uitegemee. Ni ngumu kama biti yenyewe. Ikikatikia ndani, drili ya kawaida haiigusi tena, na umeongeza tatizo juu ya tatizo. Kama bolti iliishinda spana ikiwa nzima, kijiti kile chembamba hakitaiweza.

Ikitokea tundu limepanuka au nyuzi zimekufa, bado kuna tiba. Fundi mwenye vifaa atachimba kubwa zaidi, atakata nyuzi maalumu, na kuingiza nyuzi mpya za waya, helikoili. Zikiwekwa vizuri zinabana kuliko aluminiamu ya mwanzo.

Kurudisha ili usirudie

Weka studi mpya na gasketi mpya, usirudishe ya zamani. Kagua uso wa manifoldi kwa rula ya chuma, kama umepinda upelekwe ukasawazishwe, la sivyo utavuja tena. Paka nyuzi grisi maalumu ya kuzuia kushikana, ile ya shaba inayostahimili joto. Grisi ya kawaida inaungua na kuacha masizi. Ukipata nati za shaba, bora zaidi, haziotani kutu na studi ya chuma.

Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu mbili au tatu, siyo moja mpaka mwisho ndipo nyingine. Kipimo cha kukazia kipo kwenye kitabu cha gari, na hicho ndicho hakimu. Baada ya safari chache, injini ikiwa imepoa, angalia tena kama zimelegea.

Kupima kama kunavuja, washa injini ikiwa baridi na pakaza maji ya sabuni kwenye maungio. Pakitoa mapovu, panavuja. Halafu panda kwenye kabini, funga vioo kwa muda mfupi tu, unuse. Hakuna harufu ya moshi? Sasa unaweza kumpakia mtu.

Ufanye mwenyewe au umpe fundi?

Hapa fanya hesabu kama mfanyabiashara. Tuseme kwa siku unapeleka sokoni matenga 30, na gari la kukodi ni shilingi 2,000 kwa tenga. Gari lako likilala siku moja, umetoa 60,000. Siku tatu ni 180,000, bado hujahesabu nyanya zilizoiva kupita kiasi. Weka bei zako halisi hapo, kisha linganisha na gharama ya fundi.

Yule kijana alilipa gari la kukodi siku mbili, na nyanya alizokosa nafasi ya kuzipakia akaziuza shambani kwa bei ya kutupa. Bolti zenyewe, ukizinunua mpya, ni hela ya soda.

Ushauri wangu ni huu. Kulowesha, kugonga, kukaza na kulegeza kidogo kidogo, kukata nati: fanya mwenyewe, huhitaji cheti. Moto wa gesi: fanya kama umeshawahi kusimamiwa na anayejua. Kuchomelea na kuchimba kwenye hedi: mpe fundi, na mchague kabla hujaharibu. Fundi anapokea bolti iliyokatika vizuri kwa bei moja, na bolti iliyochimbwa pembeni na kuachwa na ekstrakta ndani kwa bei nyingine kabisa. Ukifika kwake mwulize ataanza na njia gani. Akikuambia ataanza na drili bila mafuta wala moto, omba ushauri kwa mwingine.

Kinga, kama unavyokinga mimea

Matengenezo ya ekzosi yasingoje mavuno. Yaweke kwenye kalenda yako ya shamba, mwezi ambao gari halina kazi nyingi, palepale unapoandika tarehe za kitalu na kupandikiza.

Baada ya kubeba mbolea au samadi, osha chini ya gari kwa maji mengi siku hiyohiyo, injini ikiwa imepoa. Toa majani yaliyokwama kuzunguka ekzosi kila wiki wakati wa kiangazi. Mara moja kwa mwaka, kabla bolti hazijagoma, mwambie fundi azilegeze moja moja, azisafishe, azipake grisi ya shaba na kuzirudisha. Na kila asubuhi ya kwanza ya wiki, washa gari, zima redio, sikiliza.

Wiki hii kabla hujapakia chochote, lala chini ya gari lako likiwa limepoa, ukiwa na tochi. Zihesabu bolti za ekzosi. Iliyoota kutu ilowesheni mafuta jioni hiyohiyo. Iliyopungua au inayovuja moshi mweusi pembeni, gari lisibebe mtu mpaka litengenezwe.